Mkasi wa muhogo, kirusi na pingili zinazopita Tabora

MKULIMA wa mahindi huiona hasara yake mapema. Mvua ikikatika, majani hujikunja na kila apitaye njiani hujua kwamba shamba lile halitavunwa. Mkulima wa muhogo hana fursa hiyo. Shamba laweza kusimama kijani mwaka mzima, kisamvu kikachumwa kila wiki, na siku ya kung'oa akakuta mizizi imejaa mabaka magumu ya rangi ya kahawia ambayo hayasagiki wala hayapikiki. Mzizi wa namna hiyo hautoi makopa, hautoi unga wa bada, na muuza mihogo ya kukaanga mjini hawezi kuununua kwa bei yoyote.

Huo ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti H. H. Storey katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara. Kwa karibu miaka 70 baadaye ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa pwani na wa nchi tambarare za kandokando ya Ziwa Nyasa. Wataalamu waliamini kwamba juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari hauwezi kusambaa, na kwa imani hiyo Tabora, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, ilionekana kuwa salama.

Imani hiyo ilivunjika mwaka 2004, ugonjwa ulipoonekana Uganda katika maeneo ya mwinuko ambako haukutarajiwa. Miaka michache baadaye ulikuwa umekwishaenea katika mikoa ya Tanzania inayopakana na Ziwa Victoria. Taarifa ya kwanza kutoka Burundi ilichapishwa mwaka 2011, na ya mashariki mwa Kongo mwaka 2012. Anayetazama ramani ataona kwamba Tabora imezungukwa: mashariki iko pwani, chimbuko la ugonjwa, kaskazini uko ukanda wa Ziwa, magharibi ziko Burundi na Kongo.

Si mara ya kwanza Tabora kuwa katikati. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh Novemba 1857, walikuta njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo ikigawanyika hapo, tawi moja likielekea Ujiji na jingine kaskazini kwenye nchi za maziwa. Pembe za ndovu na watumwa walishuka pwani. Nguo, shanga na bunduki zilipanda bara. Muhogo nao ni zao lililosafiri. Asili yake ni Amerika ya Kusini, Wareno waliufikisha katika pwani zote mbili za Afrika, na katika karne ya 19 njia za misafara zilichangia kuufikisha mbali zaidi barani. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914 na Mwanza mwaka 1928 haikubuni njia mpya kwa kiasi kikubwa. Ilitandika chuma karibu na nyayo za wapagazi.

Historia hiyo ina uzito katika habari ya leo kwa sababu ya namna muhogo unavyopandwa. Hauna mbegu ya kununuliwa dukani kila msimu. Hukatwa shina, likagawanywa pingili, nazo zikafungwa mzigo na kupewa jirani, shemeji au rafiki wa wilaya nyingine. Pingili ikiwa na kirusi, kirusi kimesafiri nayo. Inzi weupe nao hukibeba kutoka mmea hadi mmea, lakini uwezo wao ni mdogo: hukipoteza ndani ya siku moja au mbili, na safari zao ni za shamba hadi shamba. Kirusi kinachoonekana mamia ya kilomita kutoka kilipotoka, kwa kawaida kimesafirishwa na binadamu. Uganda inalo funzo la zamani juu ya jambo hilo. Mwaka 1945 ugonjwa huu ulionekana huko kwenye mihogo iliyoletwa kutoka Amani kwa ajili ya utafiti, na mimea hiyo ikaangamizwa. Yaani kituo kilichokuwa kikitafuta dawa ya ugonjwa ndicho kilichousafirisha.

Hakuna dawa ya kunyunyiza inayoua kirusi ndani ya muhogo. Hata hivyo mmea wenyewe hauko mikono mitupu, na hapa ndipo mjadala unaoendelea Afrika Mashariki kuhusu muhogo unapopaswa kuanzia, ingawa ni nadra kuanzia hapo.

Virusi viwili vinavyosababisha michirizi ya kahawia, vinavyojulikana kwa vifupisho vya CBSV na UCBSV, vimebeba maelekezo yao yote katika uzi mmoja wa RNA. Kirusi kinapojinakili ndani ya seli, uzi huo hupata mwenzake na kwa muda huwa nyuzi mbili zilizosokotana. Seli ya mmea huitambua RNA ndefu ya nyuzi mbili kuwa si jambo la kawaida, na hutuma kimeng'enya cha kuikata. Kimeng'enya cha aina hiyo kilipotambuliwa kwa wanyama mwaka 2001 kilipewa jina la Dicer. Ndugu zake katika mimea huitwa kwa kifupi DCL.

Muundo wake unastahili kuelezwa, kwa kuwa ndio unaofafanua kinachobishaniwa. Katika bakteria, kimeng'enya cha ukoo huu kina ukali mmoja tu. Ili kikate, nakala mbili lazima zikumbatiane, kama vipande viwili vya mkasi vinavyokutana kwenye msumari. Katika viumbe wenye seli changamano, kuli zote mbili zimeunganishwa katika mwili mmoja wa protini, na pembeni pameongezwa mfuko mdogo unaoshika ncha ya uzi wa RNA. Umbali kati ya mfuko huo na makali ndio kipimo. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walionyesha, kwa kutumia Dicer ya kimelea cha tumboni kiitwacho Giardia, kwamba umbali huo ni kama nanomita 6.5, sawa na herufi 25 za RNA. Ni sawa na fundi cherehani aliyechora alama kwenye meza yake: haangalii kitambaa ni cha nani, anakata palepale kwenye alama. Picha za darubini ya elektroni zilizochapishwa mwaka 2021, za DCL1 na DCL3 za mmea wa maabara uitwao Arabidopsis, ziliwawezesha wataalamu kuona mikasi ya mimea yenyewe ikiwa imeshika RNA.

Vipande vinavyotoka havitupwi. Protini nyingine, ambayo jina lake limetokana na mnyama wa baharini wa jamii ya pweza kwa sababu majani ya mmea ulioikosa yalimkumbusha mtafiti mnyama huyo, huchukua kipande kimoja na kukitumia kama hati ya kumtambulia mhalifu. Kila RNA inayolingana na hati hiyo hukatwa. David Baulcombe na Andrew Hamilton, wakiwa Norwich nchini Uingereza, ndio waliovionyesha vipande hivyo vidogo katika mimea mwaka 1999. Mwaka mmoja kabla, Andrew Fire na Craig Mello walikuwa wamebainisha katika minyoo kwamba RNA ya nyuzi mbili hunyamazisha jeni, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2006.

Binadamu ana Dicer moja. Inzi wa matunda ana mbili. Arabidopsis ana mikasi minne, na mpunga umehesabiwa kuwa na minane. Katika historia ndefu ya mimea, jeni la mkasi lilijirudufu mara kadhaa na kila nakala ikachukua kazi yake. DCL1 hutengeneza vipande vya herufi 21 hivi vinavyoratibu ukuaji wa mmea wenyewe, na mche unaoikosa kabisa hufa ukingali kiini ndani ya mbegu. DCL3 hukata herufi 24, na vipande vyake hutumika kufunga sehemu za DNA zinazopaswa kukaa kimya. Walinzi wakuu dhidi ya virusi vya RNA ni DCL4, inayokata herufi 21, na DCL2, inayokata 22. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba hao wawili hufanya kazi kwa zamu: DCL4 hutangulia, na ikizuiwa, DCL2 hushika nafasi yake. Mmea hauwezi kukimbia wala hauna kingamwili kama za damu. Kwa kiumbe aliyefungwa mahali pamoja maisha yake yote, si ajabu kwamba akiba ya mikasi imekuwa kubwa.

Kama hali ni hiyo, kwa nini muhogo huugua?

Jibu moja limetokana na kazi ya Mtanzania. Mwaka 2009 Deusdedith Mbanzibwa na wenzake walichapisha maelezo kamili ya jeni za CBSV, herufi 9,069 kwa jumla. Jamaa wengi wa kirusi hiki hutumia protini moja inayofahamika sana katika kupambana na ulinzi wa mmea. CBSV hakina protini hiyo kabisa. Badala yake, timu hiyo ilionyesha kwamba protini nyingine ya kirusi, iitwayo P1, huzima kwa nguvu unyamazishaji unaofanywa na mikasi. Katika kirusi cha jamii hiyohiyo kinachoshambulia matango, protini inayofanana nayo imeonekana kuving'ang'ania vile vipande vidogo ili visitumike. Mkasi unakata, ila hati inaporwa kabla haijamfikia askari.

Watu wa Tabora wanaweza kupendezwa na jambo moja hapa. Mmea unaotumika zaidi maabara katika kujaribu mapambano hayo, ya CBSV yakiwamo, ni tumbaku mwitu ya Australia, jamaa wa karibu wa zao linaloendesha uchumi wa Urambo, Sikonge na Kaliua. Moja ya vimeng'enya vyake vya kukuza ulinzi huo limeharibika kiasili, ndiyo maana virusi vingi huota ndani yake bila taabu.

Ni katika mvutano huo kati ya mkasi na P1 ambapo wanasayansi waliingilia. Wazo lenyewe halina makuu. Kwa kuwa mkasi hukata RNA yoyote ya nyuzi mbili, muhogo ukipewa kipande cha maelekezo ya kirusi kilichopangwa kujikunja na kuwa nyuzi mbili, DCL zitakikata na kuwa na hati tayari kabla kirusi chenyewe hakijafika. Kipande hicho hakikusudiwi kutengeneza protini. Kinachofanya kazi ya ulinzi ni mkasi uleule wa muhogo, ila umeamshwa mapema.

Majaribio ya shambani yalianza Namulonge, Uganda, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba asilimia 98 ya mimea ya mstari mmoja uliofanyiwa kazi hiyo haikuonyesha dalili katika kipindi cha miezi 11. Baadaye kikaundwa kipande kilichochukuliwa kutoka virusi vyote viwili. Muhogo uliotokana nacho, unaotambulika kwa namba 4046, uliendelezwa na watafiti wa Kenya, Uganda na kituo cha Donald Danforth cha Marekani. Juni 2021 Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Kibayolojia ya Kenya iliuidhinisha kwa hatua inayofuata ya majaribio ya wazi. Oktoba 2022 Serikali ya Kenya ikaondoa marufuku ya muda mrefu ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba. Mashauri yakafuata, baadhi yakatupwa, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikazuia uingizaji na usambazaji wa mazao hayo hadi rufaa isikilizwe.

Tanzania ilikwenda njia nyingine. Kanuni za usalama wa kibayolojia za mwaka 2009 ziliweka wajibu mzito kiasi kwamba taasisi chache zingethubutu kufanya jaribio. Mwaka 2015 zililegezwa kwa upande wa utafiti, na Oktoba 2016 mahindi yanayostahimili ukame yakapandwa Makutupora, Dodoma, ndani ya uzio. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliagiza majaribio hayo yasimamishwe na mabaki yateketezwe. Januari 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kusitishwa kwa majaribio ya namna hiyo nchini.

Hoja zilizotolewa wakati huo hazikuwa za kupuuzwa. Nchi ambayo wakulima wake wanategemea mbegu zao wenyewe ina haki ya kuogopa kuwa mteja wa kudumu wa kampuni za nje. Ina haki pia ya kutaka kuuza mazao yake katika masoko yanayochagua. Lakini hoja hizo ni za mahindi, zao la kununua mbegu kila mwaka. Muhogo hauuzwi kwa mtindo huo. Pingili moja ikishakuwa mkononi mwa mkulima, amekwishapata shamba zima na hahitaji kurudi kwa muuzaji. Kuyaweka mazao haya mawili katika kapu moja ni kosa la kiuchambuzi ambalo pande zote mbili za mjadala zimelifanya, watetezi wakijinadi kwa mavuno na wapinzani kwa sumu, na hakuna aliyeueleza umma kwamba jambo linalozungumzwa ni mkasi uliomo ndani ya kila jani la kisamvu.

Kuna maswali ya kweli zaidi ambayo utafiti wenyewe umeyaibua. Mkasi hufuata hati. Kirusi kikibadilika vya kutosha, hati hupitwa na wakati. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 na mwaka 2016, ambao Joseph Ndunguru wa Mikocheni alikuwa miongoni mwa wahusika wake, ulionyesha kwamba virusi hivi vina tofauti nyingi kuliko ilivyodhaniwa na kwamba CBSV hubadilika kwa kasi kubwa kuliko mwenzake. Kinga iliyopimwa Uganda haiwezi kuchukuliwa kuwa imepimwa Nzega. Swali jingine lilijitokeza maabara: mwaka 2016 iliripotiwa kwamba mihogo ya aina ya TME 204 iliyopitishwa katika hatua fulani za ukuzaji wa chupa ilipoteza ustahimilivu wake wa asili dhidi ya batobato, ugonjwa mwingine mkubwa wa zao hilo. Haikuwa kosa la kipande kilichopandikizwa, ila mkulima anayepoteza shamba hajali kosa ni la nani.

Maswali ya namna hiyo hujibiwa shambani, ndani ya uzio, chini ya macho ya wataalamu wa nchi husika. Tangazo la mwaka 2021 liligusa uzio wenyewe. Kukataa kuuza zao ni uamuzi mmoja, na kukataa kulipima ni uamuzi mwingine. Tanzania iliyachukua yote mawili kwa mpigo.

Wakati huohuo ipo kazi isiyongoja mahakama yoyote. Kuanzia miaka ya 1930 hadi 1957 watafiti wa Amani walichanganya muhogo na jamaa yake wa porini, mti wa mpira ulioletwa kutoka Brazili, na baadhi ya mihogo migumu inayotumika hadi sasa, Namikonga ukiwa mmojawapo, inatokana na kazi hiyo. Aina ya Kiroba imewasaidia wakulima wa pwani kuvuna hata palipo na kirusi. Katika Chato na Mkuranga, jamii zilikubali kung'oa mihogo yote ya zamani na kupanda upya pingili safi, na mashamba yao yakapata ugonjwa mdogo kuliko ya vijiji vya kulinganishia. Lilikuwa ombi zito. Familia inayotegemea bada kuambiwa ing'oe akiba yake ya chakula ikiwa bado ardhini ni jambo linalohitaji zaidi ya mkutano mmoja wa kijiji, na mafanikio hayo yalitokana na watu waliokubali kukaa na njaa ya matumaini kwa msimu mzima.

Kwa upande wa magharibi, mnyororo wa pingili safi ndio wenye kasoro inayoonekana kwa urahisi. Taasisi ya Uthibitishaji Ubora wa Mbegu, TOSCI, hukagua mashamba ya wazalishaji waliosajiliwa. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ina wajibu wa mipakani. Kituo cha utafiti cha Tumbi kipo nje kidogo ya mji wa Tabora, ingawa kwa miaka mingi jina lake limehusishwa zaidi na tumbaku na misitu ya shambani. Lakini mzigo wa pingili unaopanda basi la Kahama au treni ya Kigoma haupiti kwenye ofisi yoyote kati ya hizo. Hauna hati wala hauhesabiwi kuwa bidhaa. Ni zawadi ya shangazi.

Na hapo ndipo uamuzi wa Dodoma na ule wa Nairobi unapokutana. Iwapo rufaa ya Kenya itaisha kwa kuruhusu muhogo 4046 kufika mashambani, hautakaa Kenya. Utavuka Sirari na Namanga ndani ya magunia, kama muhogo ulivyovuka kila mpaka uliowekwa mbele yake, na mkulima wa Igunga atakayeupokea hatajua namba yake. Kuutambua kutahitaji maabara yenye vifaa na watu waliozoea kuushika, na uzoefu huo hupatikana kwa kufanya majaribio yaleyale yaliyofungwa Januari 2021.